Sauti Niliyoizima

Baba yangu alikuwa mwinjilisti kwa zaidi ya miaka 30 katika mtaa mdogo kando ya Ziwa Nyasa, na alipofariki nilimtengenezea video ya dakika 14. Niliitengeneza kwa upendo, nikikesha mezani hapa Mbinga usiku baada ya kazi za usharika. Tuliionyesha kanisani kule ziwani siku ya ibada ya shukrani, kwa projekta ya kuazima na jenereta. Ilipokwisha, watu walipiga makofi kwa heshima. Mama yangu hakupiga. Wakati wa chakula alinivuta pembeni akaniambia, "Mwanangu, ahsante kwa kazi. Lakini yule mzee wa kwenye video simjui."

Makala hii ni uhakiki wa video hiyo, na hasa wa muziki niliouweka ndani yake. Naiandika kwa sababu jambo hili si langu peke yangu. Siku hizi hakuna harusi, kipaimara wala msiba katika sharika zetu usio na kijana mwenye simu anayerekodi, na baada ya wiki moja ukoo mzima unatumiwa video yenye maua, majina na muziki. Tunabishana kuhusu mahubiri, tunabishana kuhusu nyimbo za kwaya na sauti ya spika, lakini muziki wa video tunaupokea kama tunavyopokea rangi ya ukuta. Mimi nimejifunza kwa aibu kwamba muziki huo nao unasema. Na kinachosema kuhusu binadamu mwenzetu lazima kipimwe.

Nilikuwa na vipande 11 vilivyorekodiwa kwa simu katika miezi ya mwisho ambayo baba alikuwa na nguvu. Kimoja anapanda njia ya kanisani, akisimama mara mbili kupumua na kujifanya anatazama mihogo ya jirani. Kingine anageuza dagaa kwenye chanja pamoja na mama. Kingine amekaa chini ya mwembe na watoto wa kipaimara, kila mtoto na daftari lake. Na kimoja kirefu kuliko vyote, karibu dakika nne, tuko kwenye mtumbwi asubuhi ya mwezi Agosti. Yeye amekaa nyuma na kafi, mimi mbele na simu, na mgongoni kwake naona ufuko unavyorudi nyuma na milima inayopanda kwenda Mbinga.

Vipande vyote vilikuwa na upepo. Wanaoishi ziwani wanajua mwera wa mwezi wa nane unavyoifanya simu ingurume. Kwa hiyo nilipovifungua kwenye programu ya kuhariri, jambo la kwanza nililofanya ni kuzima sauti ya vyote kwa mara moja. Kisha nikaanza kutafuta muziki.

Nikachagua muziki wa kiklasiki wa Ulaya. Sikuchagua kwa kubahatisha. Nilipokuwa chuo cha theolojia nilipenda sana somo la muziki wa kanisa. Huko ndiko nilikojifunza kuimba sauti nne kwa noti, na ndiko nilikomsikia Johann Sebastian Bach kwa mara ya kwanza, usiku, kwa redio ndogo ya kaseti ya mwenzangu wa bweni. Tangu wakati ule, nikitaka kusema kwamba jambo fulani ni kubwa na takatifu, masikio yangu hukimbilia huko. Nilitaka kusema kwamba baba yangu, mwinjilisti wa kijijini ambaye hakuwahi kuandikwa popote, alikuwa mtu mkubwa. Nikamvalisha muziki wa watu wakubwa.

Kipande cha kwanza nilichoweka ni korale ya Bach inayojulikana duniani kwa jina la Kiingereza Jesu, Joy of Man's Desiring. Inatoka katika kantata yake ya 147, iliyoimbwa Leipzig mwezi Julai 1723, wiki chache tu baada ya Bach kuanza kazi yake katika kanisa la Mtakatifu Thomas. Ilikuwa sikukuu ya Maria kumtembelea Elisabeti, habari tunayoisoma katika Luka sura ya kwanza. Vyombo vya nyuzi vinatembea noti tatutatu bila kupumzika, na juu yake kwaya inaingia polepole na wimbo wa kawaida wa kanisa, mstari mmoja, inanyamaza, kisha mstari mwingine. Vyombo havingoji wala havikimbii. Ni mojawapo ya kazi nzuri sana alizotuachia Mlutheri yule, na maneno yake ni ya mtu aliyempata Yesu na hataki kumwachilia.

Niliona noti zile tatutatu ni mawimbi ya ziwa. Nikaziweka chini ya kipande cha mtumbwini. Mezani Mbinga, usiku, zilinitoa machozi. Lakini kanisani, mbele ya watu wanaolijua ziwa, kasoro ilionekana mara moja. Muziki ule una mwendo wake na kafi ya baba ilikuwa na mwendo wake, na havikukutana hata mara moja. Kafi inaingia majini, muziki unaendelea kama hakuna kilichotokea. Mzee anayepambana na mwera anaonekana kama abiria anayeelea. Mvuvi mmoja aliyekaa kiti cha mbele akaniuliza baadaye, "Baba Mchungaji, mbona mawimbi nayaona lakini siyasikii? Siku ile ziwa lilikuwa shwari?" Halikuwa shwari. Tulirudi tumelowa mpaka kifuani.

Kipande cha pili ndicho kilichomfukuza mama. Niliweka chini ya njia ya kanisani ule muziki wa nyuzi na kinanda unaoitwa Adagio ya Albinoni. Wengi wenu mmeusikia hata kama jina hamlijui, kwa sababu unawekwa kwenye picha za misiba na vita kila mahali. Unaanza na hatua nzito za sauti ya chini, halafu vinatoka vilio vinavyopanda na kushuka. Mimi nilifikiri ninachukua huzuni ya kale, ya mtu aliyeishi karne ya kumi na nane. Baadaye nikajifunza kwamba muziki huo ulichapishwa mwaka 1958 na mtaalamu wa Kiitalia, Remo Giazotto, aliyedai ameujenga juu ya mabaki ya karatasi ya Albinoni. Wataalamu wengi leo wanauhesabu kuwa kazi ya Giazotto mwenyewe. Tomaso Albinoni alikuwa amekufa tangu mwaka 1751.

Sisemi hivyo ili kuudharau. Kazi ya mwaka 1958 inaweza kuwa nzuri kuliko ya mwaka 1708. Nasema hivyo kwa sababu muziki ule ulifanya katika video yangu kile ulichofanyiwa wenyewe: ulibandikwa jina la mtu mwingine. Baba alipokuwa anapanda njia ile na kusimama kupumua, alikuwa anatania. Kila mtu wa mtaa wetu anajua alivyokuwa akitania akichoka. Alikuwa anamwambia mama kwamba mihogo ya jirani imemzidi yake, na kwamba jirani lazima anaiombea usiku. Mimi nilizima maneno hayo, nikaweka vilio vya Adagio, na mzee anayetania akageuka kuwa mzee anayekufa. Mama alikuwa sahihi. Yule wa kwenye video hatumjui.

Katika Katekisimu Ndogo tunayowafundisha watoto wa kipaimara, amri ya nane inakataza kumshuhudia jirani uongo. Luther haishii kwenye katazo. Anaeleza kwamba amri hiyo inatutaka pia kumtetea jirani na kueleza mambo yake kwa namna iliyo bora. Kwa miaka mingi nimefundisha amri hii kwa mifano ya umbea, ya mahakama ya mwanzo, ya barua zisizo na jina zinazoandikwa kwa mkuu wa jimbo. Sikuwahi kufikiri kwamba unaweza kumshuhudia mtu uongo kwa violini. Hakuna neno hata moja la uongo katika video ile. Majina ni sahihi, tarehe ni sahihi, picha ni zake. Ushahidi wa uongo ulikuwa katika sauti.

Na si kwamba nilimsema vibaya, nilimpamba. Lakini kumpamba mtu mpaka mke wake asimtambue si kumtetea. Kuna sifa ambazo ni namna ya kumwondoa mtu mahali pake na kumsimamisha mwingine tunayempenda zaidi.

Nilipofika hapo nikakumbuka filamu niliyoiona nikiwa chuoni, Out of Africa, ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Sydney Pollack. Imejengwa juu ya maisha ya Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong, Kenya. Watu wa Mbinga tunajua kahawa, kwa hiyo niliitazama kwa hamu. Muziki wake ulitungwa na John Barry, akapata tuzo ya Oscar, lakini unaobaki masikioni ni ule wa Mozart: sehemu ya polepole ya konsato yake ya klarineti, aliyoitunga mwaka 1791, mwaka aliokufa. Ni muziki wa pumzi ndefu, safi, usiolilia mtu. Siwezi kuusikia bila kumshukuru Mungu.

Hata hivyo kuna mahali katika filamu hiyo ambapo mwindaji Mwingereza anaweka gramafoni porini na kuwapigia nyani muziki wa Mozart. Nyani wanasogea. Yeye anafurahi kwamba viumbe wale hawajawahi kusikia sauti iliyotengenezwa na binadamu, na ya kwanza kuisikia ni Mozart. Watazamaji wengi wanacheka na kupita. Mimi nilicheka pia. Leo nauliza: katika nchi ile ya Wamaasai na Wakikuyu, yenye nyimbo za wachungaji na za wakulima, ngoma za tohara na za harusi, ni kweli kwamba sauti ya binadamu ilikuwa haijasikika? Filamu haikumchukia Mwafrika. Ilimzima sauti tu, kisha ikausifu ukimya ilioutengeneza.

Kwenye pwani yetu tuna mfano wa zamani zaidi. Liuli, mahali wanapopajua ndugu zetu Waanglikana kwa kanisa na hospitali yao, pana jiwe kubwa linalotoka majini. Wajerumani walipolitazama waliona sanamu ya Misri, Sphinx, wakapaita mahali pale Sphinxhafen. Ndilo jina lililoingia katika vitabu vya vita, kwa kuwa hapo ndipo meli ya Waingereza Gwendolen iliposhambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann mwezi Agosti 1914. Jiwe lilikuwa na jina lake kabla, Pomonda, na bado tunaliita hivyo. Lakini mgeni aliona kile alichokuwa amekibeba kichwani kutoka kwao.

Nilikuwa nikiwahukumu Wajerumani wale kwa urahisi mpaka nilipojiona mezani Mbinga. Mimi ni mtoto wa ufuko ule, nimevua dagaa pale kwa taa ya karabai, na bado nilipotazama picha za nyumbani niliziona kupitia bweni la chuo.

Je, nasema basi kwamba muziki wa kiklasiki si wetu, tuuache kwa Wazungu? Hapana. Ningesema hivyo ningeshuhudia uongo mwingine.

Walutheri ni wachache huku. Mbinga ni nchi ya Wakatoliki, na ufuko una Waanglikana wengi. Lakini wamisionari wa Berlin walifika upande wa kaskazini wa ziwa hili mwaka 1891, na kutoka huko nyimbo za Kijerumani zilishuka kijiji kwa kijiji mpaka zikawa za bibi zetu. Korale za aina ile ile alizozipamba Bach ndizo zilizomo katika Mwimbieni Bwana. Baba hakulijua jina la Bach, ila alizijua nyimbo za kitabu chetu karibu zote kwa moyo. Na kila Pasaka, kwaya zetu zinapopambana na Haleluya ya Handel, haziazimi kitu. Handel aliitunga Messiah mwaka 1741, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742, na kuanzia hapo ni ya kila mwenye pumzi ya kuiimba. Luther mwenyewe aliuweka muziki karibu kabisa na theolojia, wala hakuuliza ulizaliwa kijiji gani.

Tena muziki unaweza kuhama nyumba kwa haki. Kwaya ya kwanza ya Oratorio ya Krismasi ya Bach, ya mwaka 1734, ilikuwa imeimbwa mwaka mmoja kabla katika kusherehekea siku ya kuzaliwa kwa malkia. Bach akaibadilishia maneno akaipeleka horini. Sauti ya wimbo wa Ijumaa Kuu unaokitazama kichwa cha Bwana kilichojaa majeraha, ambao Walutheri wa dunia nzima wanauimba, ilitungwa na Hans Leo Hassler, na ilipochapishwa mwaka 1601 ilikuwa ya wimbo wa mapenzi. Kwa hiyo siwezi kuwaambia vijana wetu kwamba muziki ukae milele pale ulipozaliwa. Kanisa letu lingekosa nusu ya kitabu chake.

Tofauti ni hii. Bach alipohamisha muziki, alijua anahamisha nini, akaupa maneno mapya mbele ya watu wote, na hakumfunika mtu mdomo ili auweke. Mimi sikujua Adagio ni ya nani, sikujua kantata ya 147 ni ya furaha ya Maria na Elisabeti, na niliiweka juu ya mdomo wa mtu aliyekuwa anaongea.

Kutojua huku kuko pia kwenye harusi zetu. Maarusi wengi huingia kanisani kwa ule mwendo maarufu wa kinanda uliotoka katika opera ya Richard Wagner, Lohengrin, iliyoonyeshwa kwanza Weimar mwaka 1850. Katika opera ile, ndoa inayoimbiwa wimbo huo inavunjika usiku ule ule, kwa sababu bibi harusi anamuuliza bwana harusi swali alilokatazwa kuuliza. Simkatazi mtu kuutumia, kwa maana muziki umehama na watu wameshausahau usiku ule. Lakini anayechagua afadhali ajue, kama vile anayechagua jina la mtoto anavyouliza kwanza maana yake.

Sasa niseme lililobaki, ambalo ni gumu zaidi. Nimesema nilizima sauti kwa sababu ya upepo. Ni kweli, lakini si kweli yote.

Katika kipande kile cha mtumbwini baba alikuwa anaimba. Alikuwa anaimba wimbo wa kitabuni, wa mwendo wa taratibu, lakini aliukata kwa mwendo wa kafi. Pale kafi inapovuta, anabana pumzi na neno linakatika katikati. Pale kafi inapotoka majini, neno linamalizika. Sauti yake ilikuwa imeshuka karibu toni nzima tangu alipoanza. Mimi niliyefundishwa noti nilisikia makosa. Nilijua video itaonekana na wachungaji wenzangu, na wanakwaya wa mjini, na ndugu walioko Dar es Salaam. Nikaona haya kwa ajili ya sauti ya baba yangu. Upepo ulinipa kisingizio.

Mtakatifu Agostino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, anakiri kwamba wakati mwingine uimbaji wenyewe humgusa kuliko kile kinachoimbwa, na hapo anajiona ametenda dhambi. Hata hivyo hataki nyimbo ziondolewe kanisani, kwa sababu anakumbuka machozi aliyolia alipoingia katika imani. Anabaki katikati, akipima. Namwelewa. Mimi niliguswa na uimbaji wa Bach kuliko na aliyekuwa akiimba mbele yangu. Na uimbaji wa baba, kwa makosa yake yote, ulikuwa mahubiri niliyoyakosa: korale ya Kijerumani iliyofundishwa na wamisionari, ikaingia katika mwili wa mvuvi, ikajifunza mwendo wa ziwa. Bach alichukua wimbo wa kanisa akauzungushia noti tatutatu. Baba alichukua wimbo wa kanisa akauzungushia kafi. Kama ningekuwa mhakiki mwenye masikio, ningesikia kwamba kazi ilikuwa ya aina moja.

Kijana mmoja wa usharika, aliposikia malalamiko ya mama, alinishauri niondoe Wazungu wote niweke mganda. Ni ushauri wa kueleweka. Mganda ni ngoma ya pwani yetu, yenye mistari iliyonyooka kama ya askari na vibuyu vinavyolia kama tarumbeta, na picha ya Ziwa Nyasa ukiiwekea mganda au kioda ya akina mama kila mtu atasema, "Hapo ni nyumbani." Mama aliposikia alicheka mpaka akashika ubavu. "Baba yako na mganda? Aliukimbia tangu ujana wake." Nami nikaelewa kwamba uzalendo nao unaweza kushuhudia uongo. Kuweka ngoma ya kwetu juu ya mtu ambaye hakuicheza, kwa sababu tu ngozi na ziwa vinafanana nayo, ni uvivu ule ule wa Sphinxhafen uliovaa kitenge. Swali si kama muziki ni wa Ulaya au wa Ruvuma. Swali ni kama unamshuhudia mtu huyu kwa kweli.

Niliamua kuitengeneza upya. Hapo ndipo nilipolipa gharama. Ili kupata nafasi kwenye simu nilikuwa nimeshafuta vipande vingi vya asili baada ya kumaliza video. Kati ya 11, vilibaki vitatu ambavyo dada yangu alikuwa ametumiwa mapema. Vingine nane ninavyo katika video ile tu, picha bila sauti, na Bach na Giazotto juu yake. Mihogo ya jirani anayeiombea usiku haimo tena popote ila vichwani mwetu. Mchungaji anayezika watu kila mwezi na kuhubiri juu ya ufufuo alikosa busara ya kutunza sauti ya baba yake mwenyewe.

Kipande cha mtumbwini kilikuwa kati ya vitatu vilivyookoka.

Video mpya ni ya dakika sita. Inaanza na picha ya zamani ya mnato, baba kijana siku aliyoingizwa katika kazi ya uinjilisti, amesimama wima na Biblia kifuani, kanzu imemzidi mabega. Hapo nimeacha korale ya Bach, dakika moja hivi. Nadhani hapo inasimama kwa haki. Picha ile haina sauti ya kufunikwa, na siku ile ilikuwa ya furaha ya mtu aliyempata Bwana na hataki kumwachilia, ndivyo kantata inavyosema. Halafu muziki unaisha kabisa, sekunde kadhaa za ukimya, na ziwa linaingia na upepo wake wote. Spika zinanguruma. Anayetazama inabidi ainame kusikiliza.

Ukimya ule mfupi niliuogopa. Nilikuwa na tabia ya kujaza kila sekunde, kama mhubiri anayeogopa kunyamaza baada ya kusoma Injili. Lakini Eliya kule Horebu hakumkuta Bwana katika upepo, wala katika tetemeko, wala katika moto, bali katika kile kilichofuata.

Neno moja kwa vijana wetu wenye simu na vipaji, maana nyinyi ndio waandishi wa kumbukumbu za kanisa hili msipojua. Bach na Mozart wamekufa zamani, na tungo zao hazidaiwi na mtu. Lakini rekodi unayoipakua ina wapigaji walioipiga na wenyewe walioirekodi, na hao wengi wako hai. Usiibe ni amri ya saba, na haina msamaha maalumu kwa video za misiba. Mna kwaya zinazojua nyimbo hizo hizo. Warekodini wao kwa ruhusa yao.

Na kabla hamjaweka muziki wowote, sikilizeni kwanza kile mnachotaka kuzima. Muulizeni aliyeishi na mtu huyo, mjane, mtoto, jirani, kama muziki mliouchagua unamfahamu marehemu. Mkisikia upepo, msikilize nyuma ya upepo. Na vipande vya asili msivifute, hata vile vibaya.

Mama ameitazama video mpya mara nyingi kuliko ninavyojua. Anapenda kurudishiwa mwisho wake. Baba amemaliza ubeti, wimbi linapiga ubavu wa mtumbwi, maji yanaingia, na anamwona mwanawe mchungaji bado ameinua simu. Anaacha kuimba. Sauti inasikika wazi, upepo na yote: "Zima hiyo simu, ushike kafi."